Mapacha hawasomi kadi: wiki za mwisho za mimba ya kondo moja

Kadi ya kliniki ya mama mwenye mapacha ina tarehe isiyomhusu. Pale palipoandikwa tarehe ya kutarajia kujifungua, muuguzi hujaza siku ile ile ambayo angemjazia mama wa mtoto mmoja: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Aliyeona damu Januari 1 anaandikiwa Oktoba 8. Hesabu haina kasoro, ni wiki 40 kamili. Ila zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na wale wanaogawana kondo moja hawatakiwi kabisa kuachwa wafike 40. Familia ikipanga nauli, damu, likizo na shangazi wa kuja kusaidia kwa kuitazama Oktoba 8, mimba itakwisha kabla mipango haijaanza.

Kwa hiyo chukua kalamu, andika tarehe nyingine pembeni ya ile. Kwa mama wetu wa Januari 1, wiki ya 28 inatimia Julai 16, ya 32 Agosti 13, ya 34 Agosti 27, ya 36 Septemba 10. Ipi kati ya hizo ndiyo yake? Jibu halitokani na ukubwa wa tumbo wala umri wa mama. Linatokana na idadi ya makondo.

Watu wakisikia mapacha huuliza kama ni wa kike au wa kiume, kama watafanana. Swali la maana ni kama kila mtoto ana kondo lake la nyuma au wanakula sahani moja. Wakiwa na makondo mawili, kila mmoja ana mirija yake ya damu, na balaa la mmoja mara nyingi halimgusi mwenzake. Wakiwa na kondo moja lakini kila mmoja ndani ya chupa yake, yaani mfuko wake wa maji, mishipa ya damu huungana juu ya kondo hilo na damu hupita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Aina ya tatu ni nadra: kondo moja, chupa moja, watoto wanaogelea pamoja na viungamwana vyao, yaani kamba za kitovu, husokotana karibu kila mara.

Ukweli huu huonekana vizuri zaidi kwenye ultrasaundi ya wiki ya 11 hadi 14. Mpimaji huangalia pale utando unaotenganisha watoto unapokutana na kondo. Ukiwa mnene na umetanuka chini kama kabari, ni makondo mawili. Ukiwa mwembamba na umesimama wima kama herufi T, ni kondo moja. Kadiri mimba inavyokua alama hizo hufifia, na makondo mawili yaliyokaa jirani yanaweza kuonekana kama moja. Watoto wakiwa wa jinsia tofauti, shaka inaisha: karibu mara zote ni makondo mawili. Wakiwa wa jinsia moja na hakuna aliyeangalia mapema, mimba hiyo ihudumiwe kama ya kondo moja. Mimi naona ripoti inayosema tu “mapacha, wote wazima” haijamaliza kazi yake. Mama ana haki ya kurudi dirishani na kuomba idadi ya makondo iandikwe.

Sasa tarehe. Kwa mapacha wa makondo mawili wasio na tatizo jingine, mwongozo wa Uingereza unataka wazaliwe wiki ya 37, Wamarekani huvumilia hadi ya 38. Kwa kondo moja na chupa mbili, Uingereza husema wiki ya 36, Marekani huruhusu kati ya 34 na mwisho wa 37 kwa kutegemea hali. Kwa chupa moja ni kati ya 32 na 34, tena kwa upasuaji. Sababu ni hii: kabla ya wiki hizo, kumzaa mtoto mchanga mno kuna hatari kuliko kumwacha ndani, baada ya hapo mizani inageuka, na uwezekano wa mtoto kufia tumboni unapanda wakati faida ya kuendelea kungoja imeshuka. Mama wetu, kama ni kondo moja, tarehe yake ni Septemba 10 au karibu yake. Oktoba 8 aisahau.

Hata likizo ya ajira imefungwa kwenye ile tarehe ya kadi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama wa mtoto mmoja siku 84 za likizo yenye malipo, na anayezaa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja siku 100. Likizo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Piga hesabu: wiki 4 kabla ya Oktoba 8 ni Septemba 10, siku ile ile ambayo mapacha wa kondo moja wanapaswa kuwa wanatoka. Bahati nzuri sheria hiyo hiyo inaruhusu kuanza mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya ya mama au ya mtoto inadai hivyo. Barua hiyo iombwe kliniki kwenye wiki ya 28, si siku ya kushindwa kupanda daladala.

Kondo moja linavyoleta matatizo

Kuanzia wiki ya 16 mapacha wa kondo moja hupigwa ultrasaundi kila baada ya wiki 2. Wanaotafutwa ni maadui watatu, na kila mmoja ana dalili yake.

Wa kwanza ni damu kuhama upande mmoja. Mtoto anayetoa damu hukojoa kidogo, maji ya chupa yake hukauka hadi kina kisichofika sentimita 2. Anayepokea hukojoa kupita kiasi, maji yake huzidi sentimita 8, na baada ya wiki ya 20 wataalamu wengi husubiri hadi 10 kabla ya kusema ni tatizo hilo. Hutokea kwa mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za kondo moja, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na 26, ila kufika 28 si cheti cha usalama. Dalili ya mama mwenyewe ni tumbo kujaa ghafla ndani ya siku chache, ngozi kukaza, pumzi kuwa fupi. Akina mama wengi huambiwa “mapacha ndivyo walivyo” na kurudishwa nyumbani. Tumbo la mapacha hukua haraka, ni kweli, lakini halijai kwa siku tatu.

Wa pili ni mjanja zaidi: damu huhama polepole kupitia mishipa midogo sana bila maji kubadilika. Ultrasaundi ya kawaida haimwoni. Huonekana kwa kupima kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa kila mtoto, au baada ya kuzaliwa, mmoja akitoka mweupe kwa kukosa damu na mwingine mwekundu kupita kiasi.

Wa tatu ni mgawanyo mbaya wa kondo, mmoja akapata sehemu kubwa na mwenzake kipande. Hapa mama anaweza kufanya hesabu mwenyewe kwa kutumia ripoti yake. Toa uzito wa mdogo kwenye wa mkubwa, gawanya kwa uzito wa mkubwa, zidisha kwa 100. Mkubwa akiwa na gramu 2,000 na mdogo 1,500, tofauti ni asilimia 25. Ikifika 20 usingoje miadi ya mwezi ujao, na ikifika 25 ni rufaa kwa daktari bingwa. Uzito wa ultrasaundi ni makadirio, hivyo tofauti ya kipimo kimoja isikuvunje moyo. Tofauti inayopanuka kutoka kipimo hadi kipimo ndiyo ya kuiogopa.

Kuna jambo zito hapa, na halikwepeki. Katika mapacha wa kondo moja, mmoja akifia tumboni, aliyebaki anaweza kumwagia damu yake ndani ya mwili wa mwenzake kwa dakika chache kupitia mishipa ile ya pamoja. Takriban 15 kati ya kila 100 wa waliobaki nao hufa, na robo hivi hupata madhara ya ubongo. Kwa wenye makondo mawili idadi hizo ni 3 na 2. Ndugu husikia habari hiyo na kudai mama apasuliwe usiku huo huo. Mara nyingi haina faida: dhara limeshatokea pale pale mwenzake alipofariki, na kumtoa aliyebaki akiwa na wiki 28 humwongezea tatizo la pili la unjiti. Huangaliwa kwa karibu, mama hupimwa damu, na ubongo wa mtoto hupigwa picha wiki chache baadaye.

Presha, damu, na kitanda

Mimba ya mapacha huzidisha uwezekano wa kifafa cha mimba mara mbili hadi tatu. Aspirini ya dozi ndogo hupunguza hatari hiyo, lakini huanzishwa karibu na wiki ya 12. Kuikumbuka wiki ya 30 ni kuchelewa. Kinachobaki ni kupima. Kuanzia wiki ya 28 presha ipimwe kila wiki, mama akiwa amekaa, amepumzika dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo, na mkojo uangaliwe protini. 140/90 ni ya kurudiwa na kufuatiliwa, 160/110 ni dharura inayotakiwa kushushwa ndani ya saa moja. Miguu kuvimba peke yake kwa mama wa mapacha si habari. Uso na vidole kuvimba, kichwa kisichosikia paracetamol, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia: hizo ni habari.

Bado ziko nyumba ambazo mama akianza kurusha viungo hutafutwa mganga kwanza. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimtie kijiko mdomoni, piga simu. Kituo chochote chenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo, kinaweza kumpa dozi ya kwanza nzima kabla gari halijaondoka: gramu 4 taratibu kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Dozi inayofuata ya gramu 5 hutolewa kila saa 4 ikiwa tu anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaitikia likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe mkononi iwapo pumzi itashuka. Kumsafirisha bila dozi hiyo kwa kuogopa dawa ni kosa kubwa kuliko dawa yenyewe.

Upungufu wa damu huonekana mdogo hadi siku ya kujifungua. Wingi wa damu chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni wa hatari, na mama wa mapacha atapoteza damu nyingi kuliko mwingine. Apimwe tena wiki ya 28 na ya 32. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinywewe na maji au juisi ya chungwa au ya ukwaju, si chai, kwa kuwa chai hufunga madini hayo tumboni. Tembe za kalsiamu nazo zitengewe saa zake. Udongo unaouzwa sokoni uachwe, kwani hunyonya madini ya chuma na huleta minyoo. Dozi za SP za kuzuia malaria zinaendelea kila mwezi hadi kujifungua, isipokuwa kwa anayetumia kotrimoksazole. Chakula kisipunguzwe. Ushauri wa “kula kidogo watoto wasiwe wakubwa” ni wa kupuuzwa kabisa kwa mapacha: mama aliyeanza na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 17 hadi 25, na dagaa wanaoliwa na miiba yao, maharage, mayai na maziwa havina mpinzani.

Je, alale kitandani wiki zote? Hapana. Jaribio lililofanyika Harare miaka ya 1980 liliwalaza hospitalini baadhi ya akina mama wa mapacha kwa ajili ya mapumziko, na waliolazwa walijifungua mapema zaidi badala ya kuchelewa. Kulala muda wote huongeza damu kuganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake ni wa kukimbizwa hospitali. Apunguze ndoo, shamba na kusimama muda mrefu, lakini atembee. Usiku alale kwa ubavu, kwa kuwa mfuko wa uzazi wenye watoto wawili huukandamiza mshipa mkubwa wa damu nyuma yake. Wanaolazwa kwa sababu ya kweli ni wa chupa moja, kuanzia wiki ya 26 hadi 28, ili mapigo ya moyo ya watoto yasikilizwe kila siku.

Kuhusu watoto kucheza, hakuna idadi ya mateke inayomfaa kila mama. Wa chini, tumwite Kulwa kama Tanzania ilivyozoea kumwita atokaye kwanza, hupiga kwenye nyonga na kibofu. Doto hupiga mbavuni. Mama ajifunze mahali pa kila mmoja na saa zake. Mmoja akinyamaza huku mwenzake anaendelea, hiyo si “watoto wamelala”. Aende siku hiyo hiyo, na kila moyo usikilizwe peke yake kwa dakika nzima mahali pake. Kifaa kimoja kinaweza kuusikia moyo wa Kulwa mara mbili na kila mtu akaridhika.

Uchungu wa mapema

Tumbo kukaza kila dakika 10 au chini yake, kiuno kuuma kwa vipindi, uzito chini ya nyonga, ute wenye damu au majimaji: kabla ya wiki ya 36 hakuna kati ya hivyo cha kungojea asubuhi. Chupa ikipasuka, vaa pedi safi, angalia rangi, usiingize chochote. Ukihisi kamba ikining’inia ukeni, piga magoti, kifua chini, makalio juu, ubaki hivyo hadi msaada ufike.

Hospitalini kuna vitu vitatu vinavyoweza kufanyika. Kimojawapo ni sindano za kukomaza mapafu: deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, mara 4, au betamethasoni miligramu 12 mara 2 kwa saa 24. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa 2020, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, lilionyesha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya watoto wachanga wanaotarajiwa kuzaliwa kati ya wiki ya 26 na 33. Ila masharti yake ni muhimu kama sindano yenyewe: umri wa mimba uwe unajulikana, mama asiwe na maambukizi, na pawe na mahali pa kumtunza njiti. Kwa hiyo si dawa ya kununua dukani na kuchomwa mtaani “kwa tahadhari”, na wala haichomwi kwa kila mama wa mapacha kila wiki. Hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa ndani ya siku 7 baada ya dozi.

Kitu cha pili ni nifedipini ya kutuliza mfuko wa uzazi. Haizuii uchungu, inanunua saa 48 ili sindano zile zifanye kazi na gari la rufaa lifike. Kuitoa bila kumpeleka mama popote ni kupoteza saa hizo. Cha tatu ni magnesiamu salfeti tena, safari hii kwa ajili ya ubongo wa mtoto anayekaribia kuzaliwa kabla ya wiki ya 32.

Mahali pa kuzalia

Zahanati haitoshi. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kinaweza kutosha kwa makondo mawili yaliyotulia. Kondo moja ni la hospitali yenye wodi ya njiti. Anayeishi mbali ahamie karibu na hospitali, kwa ndugu au kwenye nyumba ya wajawazito ya kusubiria, wiki 2 kabla ya ile tarehe ya kalamu. Kabla hajaamua, aulize mambo ambayo wengi huona haya kuuliza: usiku wa Jumapili daktari wa upasuaji na mtu wa ganzi wako hapa hapa au wanaitwa kutoka nyumbani? Damu ya kundi langu ipo kwenye friji? Mashine za oksijeni kwa watoto ni ngapi, na zinafanya kazi? Jibu la “tutaona” ni jibu. Ndugu wawili au watatu waende kuchangia damu mapema. Kupanga foleni Damu Salama wakati mama anavuja hakumsaidii.

Tanzania kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, simu 115 bila malipo. Iwe kwenye simu ya kila mtu ndani ya nyumba. Na kama kuna chaguo, rufaa ifanyike watoto wakiwa bado ndani: njiti wawili kusafirishwa kwenye barabara ya vumbi hupoa njiani hata wakifunikwa vitenge vitano.

Kisu au kawaida? Kulwa akitanguliza kichwa, kuzaa kwa njia ya kawaida ni halali, hata Doto akiwa ametanguliza matako. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2013, wenye wanawake 2,800 hivi katika nchi 25, haukukuta watoto wakinusurika zaidi kwa upasuaji uliopangwa. Lakini usomwe wote: walioanza na mpango wa kawaida, zaidi ya 4 kati ya 10 waliishia kupasuliwa, na wote walihudumiwa mahali penye uwezo huo. Kulwa akiwa amekaa matako au amelala kingamo, upasuaji. Chupa moja, upasuaji. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ni mwiko kwa kila mjamzito, na kwa mfuko wa uzazi uliotanuka hivi zinaweza kuupasua.

Kati ya Kulwa na Doto

Hapa ndipo mkunga anapoonyesha kazi yake. Kabla mama hajaanza kusukuma: sindano ya drip nene mkononi, kundi la damu na uniti mbili zilizolinganishwa, meza mbili za watoto zenye joto, ambu mbili za kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, wakunga wawili, chumba cha upasuaji kikiwa kimeambiwa.

Kulwa akitoka, kamba yake ibanwe imara upande wa mama pia. Kwenye kondo moja, kamba iliyoachwa wazi inaweza kumwaga damu ya Doto aliye bado ndani. Alama moja kwenye kamba ya Kulwa, mbili kwenye ya Doto, kondo likitoka ijulikane ipi ni ya nani. Na oksitosini ya sindano ya misuli, ile ya uniti 10 ya baada ya kuzaa, ISITOLEWE bado. Ikitolewa, mfuko hujibana kwa nguvu juu ya Doto, kondo linaanza kubanduka, na mtoto hukosa hewa. Ndiyo sababu kila mama, hata asiyejulikana kuwa na mapacha, hupapaswa tumbo kwanza kabla ya sindano hiyo.

Msaidizi mmoja anaweka mikono miwili juu ya tumbo mara Kulwa anapotoka, kumshika Doto awe wima, kwa sababu ghafla ana nafasi ya kugeuka. Moyo wake usikilizwe mfululizo. Ultrasaundi ndogo ya wodini ikiwapo, itumike. Chupa ya pili isipasuliwe kwa haraka: ikipasuliwa kabla kichwa hakijashuka, kamba hutangulia. Uchungu usiporudi kwa dakika 10 hivi, drip ya oksitosini huanzishwa taratibu, ambayo ni tofauti kabisa na ile sindano. Doto akilala kingamo, daktari mzoefu humgeuza kwa nje, au huingiza mkono, akashika mguu chupa ikiwa nzima, na kumtoa kwa matako. Asiye na uzoefu huo asijaribie hapo. Chumba cha upasuaji ndicho kilichoandaliwa. Wengi hulenga Doto awe ametoka ndani ya dakika 30. Moyo ukiwa mzuri, dakika hizo si kisu cha shingoni. Moyo ukishuka, hata 5 ni nyingi.

Doto akishatoka, papasa tena, ndipo oksitosini uniti 10. Sasa hatari imehamia kwa mama: mfuko uliobeba kilo tano za watoto, ukiacha kondo na maji, huchoka na kushindwa kujikaza. Khanga iliyolowa haikupi kipimo. Karatasi yenye mfuko wa vipimo chini ya mama hukupa mililita, na jaribio lililochapishwa 2023 katika hospitali takriban 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini lilionyesha kwamba kupima hivyo na kutibu kwa pamoja hupunguza uvujaji mkubwa kwa asilimia 60. Kwa pamoja maana yake: kukanda mfuko, oksitosini, asidi ya traneksamu (dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1 kwenye mshipa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, drip, kukagua michubuko na kondo, bila kungoja kimoja kishindwe ndipo kingine kianze. Kwa saa 2 za mwanzo mfuko ushikwe kila dakika 15.

Baada ya hapo ni joto na maziwa. Utafiti uliochapishwa 2021, Tanzania ikiwamo, ulikuta kwamba watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja watulie, walikufa pungufu kwa robo. Kwa mapacha maana yake ni vifua viwili: mama ana Kulwa, baba au bibi ana Doto, kisha wanabadilishana. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa pembeni, kitenge kimefungwa hadi chini ya sikio, saa nyingi kadiri inavyowezekana. Joto la mwili libaki kati ya 36.5 na 37.5. Chini ya wiki 34 wengi hawajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, hivyo maziwa hukamuliwa na kupitishwa kwa mrija au kikombe. Kukamua kuanze ndani ya saa chache na kurudiwa mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo. Anayesubiri watoto wapate nguvu ndipo aanze hukuta maziwa yamepungua.

Presha ya mama ipimwe siku ya 3 na tena wiki ya kwanza ikiisha, kwa kuwa kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya mimba kwisha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 au chini ya gramu 1,500 aangaliwe macho akiwa na wiki 4, hata kama anaonekana mzima kabisa, na miadi hiyo iandikwe kwenye kadi ya kila mmoja kabla hawajaruhusiwa. Kadi ni mbili sasa.